Mtoto Niliyedhani Amenona

Shida yangu ilianza mwaka wa themanini na saba, nikiwa na miaka thelathini na nne, na wakati huo mimi nilidhani ndiyo raha inaanza.

Ndugu zangu wa kikundi, na ninyi wageni mliokuja na gari, nimeambiwa nisimame nieleze shamba hili la zahanati limedumuje. Nitaeleza. Lakini siwezi kulieleza bila kutoa aibu yangu, maana vitu hivyo viwili vilizaliwa siku moja. Jina la mtu sitataja. Anayejijua atajijua, na anayetaka kucheka acheke, nimeshachekwa sana.

Mimi ni mtu wa darasa la pili. Nilizaliwa huko juu milimani, nikateremka kukata mkonge nikiwa kijana, nikakata mpaka viganja vikawa kama gome la mti. Nilichopata sikupewa na mtu. Shamba la mkonge lilipodorora na watu wakapunguzwa, wenzangu waliotoka mikoa ya mbali walirudi kwao. Mimi nikaingia kwenye biashara ya nafaka. Wazee wenzangu mnaikumbuka miaka ile. Tulikuwa tumetoka kupanga foleni ya sukari, tumekula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, tumefua nguo kwa majani ya mpapai. Ukisafirisha gunia la mahindi unasimamishwa kizuizini kama mwizi. Halafu vizuizi vikalegezwa, maduka yakajaa, na malori yakaanza kusimama hapo barabarani Makanya yakitafuta mzigo. Mimi nikawa ndiye mtafuta mzigo.

Nilinunua mahindi, nikanunua kunde, lakini zaidi nilinunua fiwi, hizi jamii ya maharage, kwa sababu ndizo zinazovumilia ukame wetu huu na kila nyumba ilikuwa nazo. Nilipanda kilima nikashuka kilima. Nilinunua hata za mbegu. Za nyumbani kwangu nilizipakia pia. Alizilima mke wangu, nikazipakia mimi. Akaniuliza, "Sasa baba, sisi tutakula nini?"

Nikamjibu, "Fiwi ni chakula cha mtu asiye na kitu. Nyumba hii itakula vya dukani."

Na kweli tulikula vya dukani. Mkate mweupe. Chai ya rangi, sukari mpaka inanata mdomoni. Soda kila Jumapili. Nawaambia, mtu aliyenyimwa sukari muda mrefu akiipata hana akili tena. Mke wangu alikuwa mjamzito, akamwachisha ziwa binti yetu mdogo, nami nikatoa amri: huyu mtoto asipewe makande ya mahindi na fiwi, apewe mkate na chai. Nilifikiri ndiyo mapenzi ya baba.

Mtoto akanona. Mashavu yakajaa, miguu ikajaa. Nywele zikawa laini, zikaingia wekundu kama ndevu za mahindi, nikasema huo ni uzuri. Jumapili moja, watu wametoka ibadani, nikambeba begani nikawaambia, "Tazameni binti wa mwanamume anayejiweza!" Wakamsifu. Mama mmoja tu hakusifu. Alikuwa mjane wa ndugu wa ukoo wetu, ananiita shemeji, na fiwi zake zote nilikuwa nimezinunua mimi. Akamwangalia mtoto, akasema polepole, "Shemeji, huyu hajanona. Huyu amevimba. Mbona hachezi?"

Nikamjibu usharika mzima ukisikia: "Wa kwako ni wembamba kama fito, ndiyo maana wangu anakuuma."

Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Haukupita muda, ngozi ya miguu ya mtoto ikaanza kubanduka. Akawa ananung'unika tu, hata soda haitaki. Mke wangu alikuwa ndiyo kwanza amejifungua, hawezi kunyanyuka. Ikabidi nimpeleke mwenyewe zahanati, mimi ambaye sikuwahi kuukanyaga mlango wa kliniki ya watoto. Nesi akabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba. Alipotoa kidole, shimo likabaki. Ndugu zangu, lilibaki palepale, kama ukibonyeza donge la unga uliokandwa.

"Anakula nini huyu?"

Bado nilikuwa na majivuno. Nikasema, "Anakula mkate, dada, na chai ya sukari."

"Na nini?"

"Na soda."

"Maharage? Kunde? Dagaa? Maziwa?"

Nikatikisa kichwa.

"Unafanya kazi gani, baba?"

Nikasema, "Nauza kunde na fiwi."

Nesi hakucheka. Ningemshukuru angecheka.

Nyuma ya zahanati kulikuwa na banda la mradi wa watu wa nje. Walileta maziwa ya unga, mafuta na sukari, na watoto wenye utapiamlo walinyweshwa hapo kila siku mama zao wakiwa nao. Mwanamume hakuna. Nikaingia na mtoto mapajani. Wanawake wakapiga vigelegele. "Karibu mama mtoto!" "Shoga, mbona umesahau kanga?" Nikatafuta pa kukaa, na nafasi iliyokuwepo ilikuwa kando ya yule mjane. Alikuwa na mtoto wake. Wa kwake amekonda, wangu amevimba, na nesi akasema wote wawili wanaumwa njaa. Mmoja njaa ya kukosa, mwingine njaa ya kulishwa ovyo. Ile ya kukosa niliijua ilikotoka. Niliipakia kwenye lori mwenyewe.

Yule mama alisogea tu. "Kaa, shemeji. Benchi si la mtu."

Binti yangu alianza kufumbua macho vizuri, lakini kusimama bado. Ndipo asubuhi moja tukakuta gari la mradi linapakia. Walichukua maboksi, wakachukua mizani, wakachukua na sufuria. Sisemi walikuwa watu wabaya. Muda wao ulikuwa umekwisha. Nesi akatuambia, "Mama zangu, na wewe baba, maziwa hayapo tena."

Nikakimbilia nyumbani nikafungua ghala langu. Jeupe! Nilikuwa nimelifagia kwa mikono yangu ili lori lijae. Mfanyabiashara wa fiwi, nyumbani kwake hakuna fiwi ya kumpikia mtoto anayekufa.

Niliporudi nikakuta yule mjane amewakusanya wenzake, chungu chake kiko motoni pale bandani. Huyu kaleta konzi ya kunde, huyu mtama, huyu dagaa wa kufungwa kwenye kona ya kanga. Mimi nimeleta noti. Nikamnyooshea.

Akaitazama. "Shemeji, hela yako nilishaipokea msimu uliopita. Haikuota. Leo mtoto wako atakula na wetu. Ila kesho ni msaragambo wa ndiva. Njoo mwenyewe, usitume mtu."

Wageni mnielewe. Ndiva ni bwawa letu la udongo. Maji ya mfereji kutoka mlimani yanajaa humo usiku, asubuhi tunayafungulia mashamba kwa zamu. Bila kuzoa tope, linakufa. Ndiyo maana babu zetu waliweka msaragambo, kazi ya wote, kila nyumba inatoa mtu wake na jembe lake. Mimi tangu niwe tajiri nilikuwa natuma kibarua. Wengine waliona, nao wakaanza kutuma, na wasio na wa kumtuma wakaacha. Ndiva ikajaa tope. Kile kipande cha ardhi kando ya zahanati, ambapo wanawake walitaka kupanda kunde za chungu chao, hakikuwa na maji kwa ajili hiyo.

Nilikwenda. Nikaingia na suruali yangu ya dukani mpaka mapajani.

"Tajiri, tope halina bei, beba tu!"

"Mwacheni, kitambi kinaogelea hicho!"

Nilitamani linimeze. Lakini nilizoa. Mchana yule mama akanipimia kibaba cha fiwi alizokuwa amenificha kwa mbegu siku ile niliponunua zake, akanifundisha: chemsha, maji ya kwanza mwaga, yana uchungu, chemsha tena, ponda mpaka zilainike, changanya kwenye uji wa mtama. Nikapika. Mimi, mwanamume wa Kipare, na mwiko mkononi mbele ya wanawake.

Uvimbe ukashuka, na uliposhuka nikaogopa zaidi, maana chini yake kulikuwa na mifupa mitupu. Nesi akaniambia, "Usiogope, sasa ndiyo tunamwona mtoto mwenyewe." Tukaendelea na uji. Kunde zikaota kando ya zahanati, tukaanza kuchuma majani. Siku moja nilikuwa namlisha, akaninyang'anya kijiko akanipiga nacho puani. Banda zima lilicheka. Mimi nililia mbele za watu, na sijutii kilio kile.

Nikapanda milimani kutafuta mbegu za fiwi. Nilizunguka, maana wengi nilikuwa nimewamaliza mwenyewe. Nilizopata nikawarudishia mjane yule na wengine ambao zao nilizinunua. Na palepale nilipomtukania, baada ya ibada, nikasimama nikamwomba radhi. Alinijibu, "Nimesikia, shemeji. Kaa chini, jua kali."

Tangu hapo miradi imekuja mingi. Wa sungura ulikuja, sungura wakafa. Wa pampu ulikuja, pampu ikaharibika, hatukujua hata skrubu yake inauzwa wapi. Shamba hili lipo kwa sababu halikuletwa na gari. Kila nyumba ina siku yake ya kumwagilia, na mwenye mali haruhusiwi kutuma mtu. Sheria hiyo niliileta mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeharibu. Wageni wangu, mkitaka kutusaidia, tunashukuru, ila tuambieni mapema siku mtakayoondoka, na nani kati yetu atabaki ameshika. Kama hamna jibu, laleni kwetu leo, mle makande, mrudi salama.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu, aliyeuliza swali la maana nikamziba mdomo. Namshukuru nesi yule, popote alipo. Na wewe mama, uliyesogea kunipa nafasi kwenye benchi, umekaa hapo mbele unajifanya kufunga mtandio, asante. Nyie vijana wa biashara, uzeni, mimi pia niliuza. Lakini cha watoto kitolewe kwanza, ndipo lori lipakiwe.

Leo nina nyumba ya bati. Nina ng'ombe wawili wa maziwa na mbuzi kadhaa. Nina shamba la fiwi na mtama huku chini, na migomba michache huko juu kwa baba yangu. Nina watoto saba walio hai, na yule aliyenipiga kijiko puani ndiye mwenyekiti wenu aliyenisimamisha hapa. Nina majembe mawili, moja langu, na la pili namwazima anayekuja msaragambo mikono mitupu.