Jembe la Kwenda Dar es Salaam

Basi lilipoanza kuteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, Raheli alipakata kikapu chake cha karoti na kutega sikio. Mbele yake aliketi kijana mwenye sweta zito, jembe jipya katikati ya magoti, akizungumza na mkufunzi wake wa chuo cha ualimu.

“Mkufunzi, nimepangiwa shule ya mjini, Dar es Salaam.”

“Hongera, Mwalimu Fanueli. Tumekuandaa vizuri.”

“Mmenifundisha kupanda kabichi na kufuga kuku. Nasikia uwanja wa shule ile ni saruji tupu, na darasa moja lina watoto mia.”

“Elimu ya kujitegemea haichagui mahali!” mkufunzi alinguruma, kana kwamba basi zima lilikuwa mkutano wa hadhara. Raheli aliiwaza ile saruji, akazionea huruma kabichi.

“Na nikishindwa?”

“Hutaachwa yatima, ndugu. Yupo mwalimu mzoefu atakayekulea.”

“Nani huyo?”

“Silvano.”

“Silvano niliyemaliza naye? Si alikwenda mwezi uliopita tu?”

“Basi, keshazoea.”

Fanueli alikamata mpini kwa mikono miwili. “Samahani, mkufunzi. Wewe mjini ulifundisha wapi?”

Mkufunzi alikohoa, akageukia dirisha, akaitazama milima mpaka ikaisha. Basi likasimama Mombo. Joto likaingia kabla abiria hawajatoka, na mbuzi waliolala kituoni hawakujisumbua kuinuka.

“Hapa hapa,” mkufunzi alisema, akichukua mkoba wake. “Kwani Mombo si mjini?”