Programu ya Kumchora Ng'ombe wa Mukandutiye

Mbugangari, mtaa wa mpakani jirani na Goma, kwenye kona ambako minibasi za Kigali hujaza abiria, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya mawe manne meusi ya volkano. Kila asubuhi ubao huo hubeba wanaume watatu wanaojua kila kitu. Yuko Juvénal, aliyerudi kutoka Goma, anayeitwa Monsieur Donc kwa sababu bila neno hilo, "basi" la Kifaransa, hawezi kufungua mdomo. Yuko Ngoga wa Kampala, au Eksaktli. Na yuko Sibomana, aliyekulia Kigoma, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Huyo wanamwita Mwalimu, ingawa hajafundisha hata mbuzi. Asubuhi hiyo ya mwaka 1999 alijibanza pembeni yao Bizumuremyi, yaani Burashi, mchora mabango, akapokea kikombe cha kahawa kwa Xavérine, muuza kahawa wa hapo, akakishika bila kunywa.

Burashi alikuwa amepaka kuta kuanzia Uvira mpaka Bujumbura, na mwenyewe husimulia jinsi alivyomchora mrembo wa saluni mwenye vidole sita, saluni ikajaa watu waliokuja kuhesabu. Leo hakusimulia. Mukandutiye, mama wa jibini, alitaka nembo ya ng'ombe: ndogo ya kubandika kwenye jibini, kubwa ya ukuta wa depo. Na iwe ya kompyuta, kama za wenzake. Ikikosekana Jumatatu, anavuka mpaka kwenda kuchorewa Goma. Wateja watatu wa Burashi walikuwa wameshavuka.

Bahati yake ilikuwa Larissa, mpiga chapa, aliyenunua kompyuta na kukubali washirikiane. Leo angeipeleka Kigali kwa binamu yake iwekewe programu ya kuchorea. Moja tu, maana mashine haikuwa na nafasi ya mbili. Burashi achague ipi. Naye, badala ya kumtafuta mtu anayejua, akaja kuuliza ubao.

— Donc, alianza Juvénal, fromage, hii jibini, ni kitu ya Bafaransa. Logo yake inapashwa kuchorwa mu Français. Photoshop ya Français, kwisha!

— Wacha, ssebo, Ngoga akamkata. Chukua Corel. Mu Kampala sabuni ni Corel, soda ni Corel, hata bango ya kanisa.

— Hata kanisa?

— Eksaktli.

— Waungwana, alisema Sibomana akiinua kidole, ndani ya kompyuta mna Paint. Imo tayari. Kwa nini mtu asafiri hadi Kigali kufuata kitu kilichopo mezani?

— Mwalimu, we uliiona wapi?

— Nilisoma kwenye gazeti lililofungia mandazi. Lilikuwa limechanika, lakini lilikuwa linaelekea huko.

Burashi akakohoa.

— Mi nauliza kitu moja tu. Ile mashine inajua fasi ya matiti ya ng'ombe?

— Ya Français inajua! Juvénal akaruka. Ukisahau titi moja inasimama, inakuuliza: Monsieur, ya ine iko wapi?

— Hiyo ni kidogo, alisema Ngoga. Kampala walichora ng'ombe na Corel, wakabandika kwa mlango ya bucha. Mutu akatoka Mbarara na kamba. Alisema huyo ni wake, alipotea mwaka jana!

— Na wakamupatia?

— Walimupatia mlango.

Ubao ulitikisika kwa kicheko, kahawa ikamwagikia suruali ya Mwalimu, naye hata hakuona.

— Ukweli ni kwamba Paint iliundwa kwa ajili ya ng'ombe, alisema. Binadamu waliongezwa baadaye.

— Donc, kwetu Goma walichora jogoo, logo ya quincaillerie, duka ya misumari. Jogoo ya jirani iliiangalia siku mbili. Siku ya tatu ikahama quartier!

— Iliaga nani?

— Ilihama kimya. Ilisikia haya.

— Muchague ile haiogope kahawa, alisema Xavérine akijaza tena vikombe, juu nawaona mutaileta hapa.

Burashi alicheka hadi akafuta machozi kwa mkono wenye rangi ya buluu, akabaki na jicho la buluu. Lakini moyoni alikuwa ameshachagua. Corel. Ile kamba ya Mbarara ilikuwa imemmaliza.

Hapo akatokea Larissa, kisanduku cha kompyuta amekifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Nyuma yake minibasi ilikuwa inapiga honi.

— Tonton, dereva anatuacha. Nimuambie cousin jina gani?

— Photoshop! — Corel! — Paint!

Larissa akawatazama mmoja mmoja.

— Bon. Kati yenu, nani amekwisha kuitumia?

Juvénal akachungulia ndani ya kikombe. Ngoga akaanza kufunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa sandali. Mwalimu sasa ndipo alipoiona suruali yake. Honi ikalia tena.

— Binti yangu, alisema Burashi, na sauti ilimtoka ndogo, mi sijui jina. Najua kazi. Nachora ng'ombe mu karatasi, napiga viraba bidogo kama kiberiti. Kisha napiga viraba vile vile ku ukuta na kamba ya chaki, kila kimoja kama dirisha. Mustari inakuwa mukubwa, lakini inabaki mustari. Siku moja walikuza picha ya ng'ombe ku studio: vidoti, vidoti, mugonjwa wa surua. Ile sitaki. Nataka yenye kukuza mustari.

Larissa akatoa kalamu, akaandika kiganjani: mistari, si vidoti, ikue.

— Ile cousin ataelewa. Jina atachagua yeye. Jumamosi niko hapa, we uwe na ng'ombe tayari mu karatasi.

Akakimbia, kisanduku kikimrukaruka mgongoni.

Burashi akanywa kahawa yake yote kwa mkupuo mmoja, ikiwa baridi, akaiona tamu. Alikuwa na siku tatu na ng'ombe mzima wa kuchora. Akaondoka karibu akikimbia, jicho lake la buluu likiwashangaza wauza vitunguu. Hakuwa amefika mbali alipousikia ubao nyuma yake ukiwaka upya.

— Donc, ikifika, mi ndiye nitamufundisha!

— Wewe? Nitamufundisha mimi!

— Waungwana, tupange zamu.