Asiyejibu Anafuatwa

Ndugu zangu, kiti nimekiona, lakini nitasema nimesimama. Shule niliyosoma ni ndogo, na bungeni hawakunizoesha kuongea nimekaa.

Kabla ya kuja Sydney nilikuwa mkulima, Kongo. Mimi na mume wangu ndio tulioanza kufyeka msitu ule wa mpakani, ambako serikali yenyewe ilikuwa haijafika. Waliotufuata walijenga mbali mbali, hata moshi wa jirani huuoni. Tukawekeana sheria. Asubuhi, kabla ya kushika jembe, unasimama mlangoni unaita, "Umeamka?" Jirani anajibu, naye anamwita wa mbele yake. Asiyejibu anafuatwa. Nilimfuata mama mmoja hivyo, nikamkuta homa imemlaza chini, mtoto analia kifuani. Akapona.

Ndiyo sababu walinituma bunge la jimbo, si kwa masomo. Siku ya kwanza naomba barabara, mheshimiwa mmoja mwenye tai akasema, "Mama, punguza sauti, hapa si shambani." Nikamwambia, "Mheshimiwa, watu wangu wako mbali." Walicheka. Barabara ilikuja. Na vita vikaja kwa barabara hiyo hiyo. Mume wangu nikamzika kando ya migomba yetu, nikakimbia. Nikakaa kambini, kisha binti yangu akanileta hapa Sydney, mtaa huu wa Villawood.

Nawaambia, tangu nifike moyo wangu ulibaki kule kwenye migomba. Wanangu wakanikatia tiketi niende nikapalilie kaburi lake. Sanduku nikalifunga. Korona ikaja, ndege zikasimama.

Tukafungiwa. Binti yangu anatunza wazee, akitoka kazini anajifungia chumbani asituambukize. Mjukuu yuko na kompyuta yake, nikimwuliza kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza. Basi nikanyamaza. Nikawa nalala naangalia ukuta. Chakula nakirudisha kama kilivyo. Mmenielewa? Nilikuwa nangoja kufa.

Asubuhi moja nikaona fleti ya ng'ambo, ghorofa ya juu, pazia halijafunguliwa tangu jana. Anakaa mjane wa Burundi, miguu yake mibovu. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Mama wa juu, umeamka?" Mjukuu akanivuta nguo, eti watu wamelala. Nikaita tena.

Pazia likasogea. "Niko. Nani anauliza?"

"Jirani yako."

Akalifungua pazia lote. "Basi kesho uulize tena."

Kesho yake nikauliza. Nesi wa Kenya, wa chini yake, alikuwa ametoka kazi ya usiku, akajibu hata hajaulizwa, ananiita bibi kwa lugha ya kwao: "Niko, shosho, na sasa wacha nilale."

Ikawa hivyo kila asubuhi, na mama wa juu nikamsimulia dirishani sheria yetu ya msituni na siku zangu za bungeni. Halafu nikapigiwa simu kutoka kwetu. Shamba limerudi kuwa msitu. Migomba haionekani, na hakuna anayejua kaburi lilipo.

Siku iliyofuata sikutoka kitandani. Nikamsikia yule mama ananiita. Sikujibu. Akaita tena. Nikajifunika. Kisha nikasikia mlango wake, na fimbo yake kwenye ngazi za nje, kidato kwa kidato. Polisi wanazunguka mitaani, faini zinatolewa, na mwanamke mwenye miguu ile anakuja kunifuata kwa sheria niliyomfundisha mimi. Nilifika dirishani sijui vipi.

"Kaa hapo hapo, mama. Nimeamka."

Alikaa kwenye ngazi, anahema. "Hiyo si sauti ya mbunge," akasema. "Sema tena."

Nikasema tena. Siku hiyo nilikula.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama huyo, yuko pale nyuma, msimsimamishe, miguu. Nesi hayupo, amelala kama kawaida yake. Namshukuru binti yangu, na mjukuu wangu, ambaye nikiwa na mafua anaita yeye. Kiswahili chake kimepinda, lakini kinafika.

Ninalowaachia ni hili. Mtu akinyamaza, msiseme anapumzika. Mwiteni. Asipojibu, vaeni viatu.

Ndege sasa zinaruka, na sanduku langu liko chini ya kitanda, sijalifungua. Asubuhi, wote wakishajibu, huwa nabaki dirishani. Naita mara moja zaidi, polepole, kuelekea kule kwetu. Mume wangu hajibu, na sheria mnaijua. Namwambia angoje, huku bado nina watu wa kuamsha. Kisha naenda kuchemsha chai.