Saini ya Gari Kumi na Saba

KATIBA: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

KOBE: Mimi.

KATIBA: Mimi ndiyo nani? Namba hii siijui.

KOBE: Shemeji yako. Kobe. Natumia simu ya mlinzi wa getini.

KATIBA: Ah, shem. Habari za huko? Dada hajambo?

KOBE: Hajambo. Mkeo anaendeleaje?

KATIBA: Hivyo hivyo, tunashukuru. Kesho ni siku yake ya mashine, kusafishwa damu. Mimi niko kwenye foleni ya mizani hapa, mbele yangu malori ishirini na ushee, tunasogea kama — samahani, nisikutaje. (kicheko) Simu yako imekufa?

KOBE: Wameichukua. Ni ya kampuni.

KATIBA: Wameichukua kwa —

KOBE: Uko peke yako humo ndani?

KATIBA: Peke yangu. Kuna nini?

KOBE: Ule mkutano wa chama cha madereva. Ule uliotaka twende wote, nikakataa.

KATIBA: Leo ndiyo umeukumbuka? Nilikubembeleza wiki nzima. Ukanijibu chama ni mwavuli wa jua, mvua ikinyesha wenyewe wanaukunja.

KOBE: Na bado nasema hivyo. Nilipozuiwa mpakani siku kumi na moja kwa mzigo ambao sikuupakia mimi, kadi yenu nilikuwa nayo mfukoni. Nani alikuja? Katibu alikuwa semina. Niliporudi nikaitupa.

KATIBA: Pale tulikosea, sikatai. Mimi mwenyewe nikimwona katibu na lile gari lake jipya, roho inaniuma. Lakini shem, sema ukweli. Nani aliyefanya leo dereva akiendesha kwa saa nane apumzishwe? Tuliwazika wangapi waliosinzia kwenye — (mikwaruzo ya simu) — hawakupenda wale matajiri, walilazimishwa. Sasa —

KOBE: Mlisaini vipi siku ile?

KATIBA: Kusaini nini?

KOBE: Mahudhurio. Mliandika majina?

KATIBA: Tuandike majina, sisi wajinga? Kila mtu aliandika namba ya gari lake, basi, na kamkwaruzo pembeni. Hata tarehe hatukuweka. Daftari likidondoka, mtu ataona namba tu, atadhani ni hesabu za matairi. Lile lilikuwa wazo langu, shem, usinione hivi.

KOBE: Limedondoka.

KATIBA: Unasema?

KOBE: Daftari. Meneja mpya analo mezani. Sijui nani kampelekea. Asubuhi hii ametuita mmoja mmoja. Gari namba nne. Namba tisa. Thelathini. Na kumi na saba.

(honi inalia)

KOBE: Upo?

KATIBA: Nipo. Subiri, foleni inasogea, huyu nyuma yangu anapiga honi. (mlio wa injini) Umesema kumi na saba?

KOBE: Gari ninaloendesha mimi. Wiki ya tatu hii, tangu ulipopewa jipya.

KATIBA: Shem —

KOBE: Amenifukuza, Katiba. Barua iko mezani kwake, imebaki muhuri.

KATIBA: Ulimwambia kwamba wewe siyo mwanachama?

KOBE: Niliapa. Nilimwambia mimi na chama ni maji na mafuta, auulize uwanja mzima. Akanigeuzia daftari. Akaweka kidole kwenye kumi na saba. Karatasi yake ya wiki hii inasema dereva wa kumi na saba ni mimi, na yeye ana mwezi mmoja tu hapa, ya nyuma hayajui.

KATIBA: Kwa hiyo hukumwambia nani alikuwa nalo kabla ya —

KOBE: Hilo ndilo unalotaka kujua kwanza.

KATIBA: Hapana. Hapana, sikuwa na maana hiyo.

KOBE: Ulikuwa nayo. Siyo dhambi. Ningekuwa wewe ningeuliza hilohilo.

(mikwaruzo)

KATIBA: — nasikia nusunusu. Haloo?

KOBE: Nimesema amenipa mpaka saa sita. Kasema nikiendelea kukana, atatuma kitabu cha safari kitolewe stoo, aangalie miezi ya nyuma nani alikuwa na kumi na saba. Akikifungua tu, mimi nimepona. Sina haja ya kumtaja mtu. Nakaa kimya, kitabu kinasema.

KATIBA: Sasa hivi saa ngapi?

KOBE: Sita kasoro dakika kumi.

KATIBA: Mungu wangu.

KOBE: Ndiyo.

KATIBA: Sikiliza. Sikiliza shem, chama hakitakuacha. Tuna wakili. Waliofukuzwa kwa ajili ya mkutano tunawapeleka mahakamani wote pamoja, nitampigia katibu sasa hivi —

KOBE: Wakili anamtetea mwanachama. Mimi siyo mwanachama.

KATIBA: Kadi tutakukatia leo. Wataandika tarehe ya nyuma.

KOBE: Unajisikia lakini? Nifukuzwe kwa kuwa mwanachama, wakati siyo. Halafu ili nitetewe, niwe.

KATIBA: Najua. Najua inavyosikika.

KOBE: Na kesi yenyewe itaisha lini? Wale wa mwaka juzi yao imeisha?

KATIBA: Bado.

KOBE: Wanafanya nini sasa?

KATIBA: Mmoja anauza mkaa. Wengine sijui.

KOBE: Dada yako ataniuliza nimefukuzwa kwa nini. Kila siku mezani nakitukana hicho chama, watoto wanajua. Nimjibu nini?

KATIBA: Usiniulize hivyo.

KOBE: Nimuulize nani? Wewe ndiye kaka yake.

KATIBA: Nilipewa gari jipya, Kobe. Nikashusha godoro langu nikakuachia gari la zamani, nikafurahi kwamba linabaki kwenye familia. Haki ya Mungu sikukumbuka daftari. Hata mara moja. Ningekumbuka ningelichana kwa meno.

KOBE: Najua hukukumbuka. Ndiyo maana nimepiga, sikumwacha tu afungue kitabu. Sema kitu. Salio ni la mlinzi hili.

KATIBA: Mwache afungue.

KOBE: Nini?

KATIBA: Kitabu. Mwache akifungue. Ni saini yangu. Mtu mzima anabeba chake.

KOBE: Unasema hivyo kwa moyo?

KATIBA: Nasema.

KOBE: Yangu kadi ya matibabu ya kampuni wameshaifunga. Sijatoka hata getini. Barua haijagongwa muhuri, mlinzi kaniambia jina langu limekwishafutwa hospitali. Siku hiyohiyo, Katiba. Hawangoji kesho. Wanangu ni wazima, wakipata homa nitawakanda. Sasa sema tena. Kwamba nimwache afungue.

(mikwaruzo)

KOBE: Katiba.

KATIBA: Nipo.

KOBE: Sema tena.

KATIBA: Wiki iliyopita walimchelewesha siku moja tu. Mashine ilikuwa mbovu. Miguu ilivimba mpaka viatu vyangu havikumwingia. Alikuwa ananitania, anasema nimnunulie vya saizi ya tembo. Siku moja tu, shem.

KOBE: Basi.

KATIBA: Siwezi kusema. Nisamehe. Nilikuwa nasimama kwenye mikutano naongea kama kasuku, wananiita Katiba, na sasa mdomo wangu hauwezi —

KOBE: Basi nimesema. Usilie, watu wa mizani watakuona. Sikiliza. Nikikiri tu hivihivi hataamini, asubuhi nzima nimeapa mbele yake. Ataniuliza maswali. Mkutano ulifanyikia wapi?

KATIBA: Unataka kufanya nini?

KOBE: Wapi?

KATIBA: Kobe, usifanye haraka. Labda tu —

KOBE: Labda nini? Una lingine? Kama unalo lilete, nakusikiliza.

KATIBA: Nyuma ya karakana ya yule fundi wa matairi. Chumba cha kuhifadhia.

KOBE: Mchana?

KATIBA: Jumapili, baada ya saa nane. Usiseme tarehe.

KOBE: Nitasema nimesahau. Tulikuwa wangapi?

KATIBA: Kama kumi na wanne. Aliyefungua mkutano ni katibu. Usimtaje mwingine.

KOBE: Simtaji mtu. Nilikaa wapi?

KATIBA: Karibu na mlango. Hapakuwa na viti, tulikalia matairi.

KOBE: Yuko dirishani, ananiashiria kwa mkono. Naja, bosi. Dakika moja. — Haraka. Niliongea au nilikaa kimya?

KATIBA: Shem, naomba —

KOBE: Aliyeleta daftari lazima kamsimulia nani aliongea. Niliongea?

KATIBA: Uliongea.

KOBE: Nilisema nini? Katiba, ananiita. Nilisema nini?

KATIBA: Ulisema wakimgusa mmoja wetu, sote tutazima injini. Ulisema hakuna mwenzetu atakayeachwa peke yake.

KOBE: Nilisema hivyo?

KATIBA: Ndiyo.

KOBE: Watu wakafanyaje?

KATIBA: Walipiga makofi.

KOBE: Haya. Msalimie sana mkeo, mwambie tunamwombea. Mlinzi anataka simu yake.

KATIBA: Shem, ngoja. Ngoja kwanza, usiingie, sikia —

KOBE: Sogeza gari, wanakupigia honi.

(simu imekatwa)