Pumzi za Agness

Kijiwe cha Makarius muuza kahawa, pale Mikumi kando ya barabara kuu, kilikuwa kimepoa siku hiyo. Casmir, mkata miwa wa Kidodi, alikaa mwisho wa benchi akingoja saa ya kuona wagonjwa hospitalini jirani. Jana bintiye Agness alidondoka kwenye mbio za shule, akiwa anaongoza, na mpaka sasa hajafumbua macho. Tangu mkewe afariki ni wao wawili tu. Kijiwe kizima kilikuwa kikijivunia mtoto yule, Casmir kuwazidi wote.

— Kachezewa, alisema Deo, utingo wa malori. Haiwezekani Loveth, binti wa mwenye gesti, ndiye awe mshindi. Mtoto anapelekwa shule na pikapu!

— Wacha uchawi wako, alijibu Melkizedek, ambaye wenzake humwita Profesa. Ni sayansi hiyo. Tangu ije ruksa ya kuingiza bidhaa, matajiri wanawapa watoto dawa za nje. Zinakuja ndani ya maziwa ya kopo.

— Maziwa ya kumkimbiza mtu?

— Yanalainisha magoti, bwana! Kama grisi.

— Mtoto wa maskini ndiye mwenye pumzi, Profesa. Kuni yeye, maji yeye, jembe yeye. Agness ni Skania!

— Sasa Skania imezimaje?

— Kuna mkono wa mtu. Wameitia kitu kwenye tangi. Mimi nalala na malori, najua.

— Au wamemnunua mwalimu, alidakia Makarius. Siku hizi kila kitu kinauzwa, hata hewa ya uwanjani.

Yale ya pumzi za maskini ni Casmir aliyeyaleta kijiweni, akiyasema kwa kifua mbele, nao wakayapokea.

Akaja Fausta, mhudumu wa wodini, anatweta.

— Shikamoo, baba Agness.

— Marahaba, mwanangu. Ameamka?

— Bado, baba. Daktari anauliza, mara ya mwisho mtoto alikula nini? Na lini?

Wote wakamgeukia Casmir.

Alfajiri ya mbio Casmir alimwambia binti yake kwamba mkimbiaji hali chakula kabla ya mbio, tumbo tupu ndilo jepesi. Aliona haya kusema unga umeisha. Agness akacheka, akafunga kamba za raba zake za mitumba.

"Basi leo nashinda, baba. Mbona tangu juzi niko mwepesi?"

— Baba, alisema Fausta, daktari ananingoja. Nikamwambie nini?