Ngazi ya Tata Badibanga

Wasikilizaji wapendwa wa Kolwezi, mlio nyumbani na mlio njiani, acheni kazi kidogo. Tata Badibanga hayuko tena. Tumemzika Jumamosi. Mimi mwana wa mtaa wa Kapata, naisema habari hii kwa aibu.

Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Kwa mabomba mabovu ya mgodi alijenga ngazi ya kuchezea watoto wadogo, katikati ya nyumba zetu. Ngazi ya watoto wote, wasikilizaji. Na sheria yake ilikuwa moja. Kila akimaliza kuchomelea, alituita: "Mukubwa apande mbele, mutoto nyuma!" Chuma kikimbeba mkubwa, hakitamwangusha mtoto. Tulicheka sana kuona mababa na matumbo yao wakining'inia pale juu.

Kisha ukaja mwaka wa tisini na tatu. Watu wa asili ya mkoa wa Kasai wakafukuzwa kwetu. Tata Badibanga alizaliwa hapa hapa Kapata, lakini akaambiwa arudi kwao. Vijana walipofika na fimbo, binti yake Mwadi, mtoto mdogo, alikimbilia juu ya ngazi. Akakumbatia chuma. "Mi shishuki! Ni ya kwetu!"

Hakuna jirani aliyetoka. Hata mmoja. Mama Agnès wa nyumba ya mbele anasema: "Nilimuona ku dirisha. Nilifunga rideau, pazia yangu. Mi, mwenye batoto yangu balikuwa banachezaka pale kila siku." Tata Badibanga akapanda mwenyewe, akamshusha binti yake, wakaenda gare, kituo cha treni, kwa mguu.

Miaka ikapita, akarudi. Alikuta vyuma vya juu tumevikata, tumejengea vibanda vya mbuzi. Akachomelea vingine, akatuita tupande. Kwa uso gani? Tulijifanya tuna kazi. Akapanda mwenyewe, na magoti yake mabovu. Ikawa hivyo kila alipotengeneza.

Mwezi huu alichomelea chuma kipya cha juu. Homa ikamkamata kabla hajakipanda.

Kwenye kilio tulitaka kuandika jina lake pale ngazini. Mwadi, sasa mama wa watoto, akatuangalia. "Jina tutaandika nyuma. Mukubwa apande mbele."

Tukarudisha brashi ndani ya kopo la rangi.

Mama Mushiya, mjane wake, na wewe Mwadi, poleni. Tunajua pole yetu ni nyepesi. Na wewe unayenisikiliza Kapata, toka nje, uangalie. Ngazi ni nzima. Watoto wamesimama chini yake tangu Jumamosi. Wanangoja mukubwa.