Miwani ya Dokta na Macho ya Refa

Kijiwe chetu kiko nyuma ya stendi ya Kilwa Masoko, pale ukuta wa duka la simenti unapotoa kivuli mpaka karibu na adhuhuri. Kuna benchi moja refu, kuna gogo la mnazi kwa wanaochelewa, na kuna jiko la Hamida, anayeuza kahawa na kashata na kutukatiza maneno tukizidisha. Asubuhi hiyo hakuna aliyekuwa ameketi akatulia. Jana yake gari la matangazo lilipita likisema kuanzia sasa miwani haiuzwi barabarani. Itauzwa na mtaalamu wa optometria aliyesajiliwa, tena baada ya mtu kupimwa macho. Kabla vumbi la gari halijatua, maofisa walikuja wakabeba bodi ya Boniface na miwani yake yote. Boniface ni mtu wa Newala, amekaa Kilwa mpaka Kiswahili chake kimelowa chumvi, na sisi tunamwita Dokta. Kupima kwake ni rahisi: anakupa kipande cha gazeti na kukuvalisha miwani moja baada ya nyingine, mpaka useme hii hapa.

— Wamebeba hata ya jua! — alisema Boniface. — Miwani ya jua nayo inapimiwa nini? Jua?

— Tulia, Dokta, tunakusemea — alisema Fakihi. Huyu ni karani mstaafu, na jina lake kijiweni ni Spika, kwa kuwa hakuna anayemaliza sentensi yeye akiwa hajaridhia. — Jambo lenyewe ni hili. Mnyonge akipata kitu cha kumsaidia, kinatafutiwa usajili. Umeona mtu yeyote akija kusajili mashimo ya barabara?

— Hata siku moja! — tuliitikia.

— Mimi nawaambia hii ni ishu ya korosho — alisema Imani, dereva wa bodaboda, ambaye tunamwita Fasta. — Msimu si unakaribia? Mkulima asipoona mizani, kilo zinayeyuka. Wananyang'anya miwani kwanza, mnada baadaye.

— Umeyatoa wapi hayo? — tulimuuliza.

— Kwenye grupu. Jamaa kaandika kwa herufi kubwa kabisa.

— Korosho ni kitu kidogo — alisema Spika, akipeleka kashata upande wa pili wa mdomo. — Fikirieni gesi. Bomba linapita kwetu, sivyo? Mikataba imeandikwa kwa herufi kama chawa. Nani anaweza kusoma herufi kama chawa? Mwenye miwani. Mmenielewa?

Tulimwelewa. Tuliona uchungu zaidi kwa sababu tulimwelewa.

— Hamjafika bado — alisema Boniface. — Mnaijua ile mashine ya yule dada wa hospitali? Unaweka kidevu, unachungulia, inakupiga picha ndani ya jicho. Picha inakwenda wapi? Siku hizi watu wanafungua benki kwa jicho! Ukishapigwa picha, pesa yako inatolewa huku wewe umelala.

— Boniface, wewe una nini benki? — aliuliza Hamida.

Tulicheka, kicheko kikakatika ghafla, maana Nurdin alikuwa anakuja.

Nurdin ndiye Refa. Amechezesha mpira wilaya hii tangu uwanja haujawa na nyasi, mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti isiyohitaji filimbi. Lakini tangu fainali ya Kombe la Mbuzi, kati ya Masoko na Njinjo, watu walikuwa hawampi mkono kwa moyo. Beki wa Masoko aliushika mpira kwa mikono miwili, kule pembeni, mchana kweupe, na Refa akiwa karibu akapeta, mchezo uendelee. Njinjo walifungwa. Walirudi kwao kwenye lori wakiimba kwamba Refa amekula. Na ingawa ushindi ulikuwa wetu, hata sisi tulisema amekula. Fasta alisema kwa sauti kuliko wote.

Basi alikuja, akapita kati ya jiko na benchi, na goti lake likaipiga birika ya Hamida. Kahawa ilimwagika kwenye makaa, majivu yakaruka.

— Refa! — Hamida aliruka. — Jiko lote hili hulioni?

— Samahani, dada. Nilikuwa naangalia mbele.

— Anatafuta kadi nyekundu — Fasta alinong'ona, na wawili watatu wakacheka ndani ya vikombe.

Nurdin aliketi. Alikuwa amevaa miwani mizito, fremu nyeusi, kazi ya Boniface.

— Dokta, nasikia umevamiwa. Na mimi nilikuja kwa ajili ya namba ya juu zaidi. Hii nayo naona imechoka.

— Ilikuwa ndani ya ule mzigo, Refa. Nilikuwekea. Wamebeba.

— Umeona? — Spika alisimama kabisa. — Huyu hapa! Mtu mzima anakosa miwani yake kwa sababu ya kanuni! Huyo binti aliyeletwa kutupima, ningemwona leo ningemwambia usoni.

Mungu naye ana mambo yake. Antonia, mtaalamu wa optometria wa hospitali, alikuwa anavuka barabara kutoka stendi, mkoba begani. Wengine wangejifanya hawatuoni. Yeye alikuja moja kwa moja.

— Shikamooni wazee. Hamida, nipe kahawa.

Hakuna aliyeitikia isipokuwa Nurdin.

— Marahaba, mwanangu.

— Binti — alianza Spika — mwenzetu huyu amelisha watoto kwa bodi ile. Mlikuwa wapi miaka yote? Kabla ya tangazo lenu, mzee wa Songo Mnara akitaka kusoma msahafu, nani alimpa miwani? Serikali? Au Boniface?

— Boniface — alisema Antonia.

Spika alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Alijipanga upya.

— Basi kosa lake nini?

— Mzee, hata mimi nisipohudhuria mafunzo, leseni yangu inasimamishwa na baraza letu. Na mimi nimesoma. Yeye anauza miwani kwa mtu ambaye hakuna aliyeangalia ndani ya jicho lake. Wengi itawafaa. Mmoja ana ugonjwa.

— Ugonjwa, ugonjwa! — Boniface aliinuka. — Nimeua nani mimi? Mtaje! Kabla hujaja wewe, hapa hapakuwa na mtu, na sasa umekuja wewe peke yako, wilaya nzima, unafungua milango siku unazotaka!

— Nafungua siku ambazo sijapelekwa Njinjo na Kivinje. Na kifaa cha kupimia presha ya jicho nimekiomba, hakijaja. Unadhani wewe tu ndiye mwenye hasira?

Wakati wanazozana, Nurdin alinyoosha mkono kuchukua kikombe alichowekewa na Hamida. Mkono ukapita kando. Ukarudi, ukapapasa ubao, ukakigusa. Antonia alinyamaza katikati ya neno. Alikuwa anautazama mkono ule.

— Baba, unaniruhusu nikuulize kitu? Unagonga vitu?

— Huyo? — Fasta alicheka. — Anagonga mpaka majiko.

— Sikukuuliza wewe.

Nurdin alitabasamu kwa aibu.

— Nagonga milango kidogo. Umri.

Antonia aliweka mkoba chini, akakaa kwenye gogo, akitazamana naye, magoti karibu yagusane.

— Vua miwani. Funika jicho la kulia kwa kiganja. Niangalie puani, usihamishe jicho. Ukiona kidole kinatikisika popote, sema.

Alinyoosha mkono wake mbali kwa pembeni, akaanza kutikisa kidole, akikileta taratibu. Kilipita usawa wa sikio la Nurdin. Kikaja kwenye shavu.

— Refa anazingua — alisema Fasta. — Kidole si hicho!

Antonia hakugeuka. Kidole kilikuwa sasa mbele ya jicho lenyewe, kinatikisika.

— Baba?

— Ndiyo, mwanangu. Umeanza?

Fasta ndiye aliyeacha kucheka mwanzo.

Walibadilisha. Kwa jicho la kulia alikiona kidole, lakini kilipokuwa kimekaribia pua. Aliona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Antonia alimshika mikono yote miwili.

— Sitakudanganya. Hii si umri, na haitibiwi kwa miwani ya namba yoyote. Nadhani ni glakoma, presha ya jicho. Inakula pembeni kwanza, polepole, bila maumivu, mpaka inafika katikati. Mimi naruhusiwa kupima na kuandika miwani. Ugonjwa huu unataka daktari bingwa wa macho. Tunakwenda hospitali sasa hivi nikuandikie rufaa ya Mtwara.

Nurdin aligeuza uso upande ule alikosikia sauti ya Fasta.

— Ule mpira wa Njinjo. Ni kweli aliushika?

— Aliushika, Refa — alijibu Fasta.

— Sikuuona. Niliwaambia sikuuona.

Akaondoka na Antonia, mkono wake begani kwa yule dada, na sisi tukabaki na birika iliyomwagika nusu.

Mtwara walithibitisha. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda moja kwa moja. La kulia lilibaki na kitundu cha mwanga katikati, na hicho kingelindwa kwa dawa ya matone kila siku ya maisha yake, kilichopotea hakirudi. Daktari alimwambia kwamba angefika mapema, angebaki na sehemu kubwa ya macho yake. Maneno hayo aliyaleta Nurdin mwenyewe, bila kumlaumu mtu, akinywa kahawa aliyowekewa mkononi.

Sisi ndio tuliowaka. Kila asubuhi kijiwe kilianza na moto.

— Waandikiwe barua! — alisema Spika. — Mtaalamu mmoja wilaya nzima, daktari bingwa mpaka Mtwara, kifaa hakuna. Halafu wana nguvu za kubeba bodi ya miwani!

— Na Njinjo waje waombe radhi — alisema Fasta. — Walimtukana mtu mgonjwa.

— Wewe hukumtukana? — aliuliza Hamida.

— Mimi nilisema tu kama watu.

Boniface alikuwa amekonda. Maofisa walimrudishia miwani ya jua, na hakuitundika.

— Semeni basi — alisema siku moja. — Naona mnanitazama. Alikuja kwangu anasema haoni vizuri, nikampa miwani. Akarudi, nikampa yenye namba kubwa. Nilifurahi, nilimpa kwa bei ya chini. Ningejuaje? Nani alikuja kunifundisha? Wamekuja kuninyang'anya, wamekuja kunifundisha?

— Hukukosea, Dokta — alisema Spika. — Mfumo ndio uliokosea.

— Mfumo kabisa — tuliitikia. Ilitupa nafuu. Mfumo hauishi Masoko, hauna uso, na hauwezi kuja kunywa kahawa ukatuangalia.

Ndipo alipokuja Fauzia. Ni binti yake Nurdin, ameolewa Mingoyo, na alikuwa amekuja kumchukua baba yake akakae naye, maana mama alishafariki na matone hayawezi kutiwa na mtu asiyeona chupa. Basi lilikuwa bado halijapakia. Alimleta baba yake kuaga, mkoba wa nguo mkono mmoja, baba mkono mwingine. Hakuwahi kukaa kijiweni kwetu hata mara moja. Alitusalimia kwa adabu, akasimama.

Spika aliona ni wakati wake.

— Mwanangu Fauzia, poleni sana. Sisi hapa hatujalala. Tunaandika barua kuhusu kifaa, kuhusu daktari, kuhusu kanuni hizi zinazokuja bila huduma. Baba yako amedhulumiwa, na hatutanyamaza.

— Ahsante, baba — alisema Fauzia. — Ninyi mnakaa naye hapa kila siku?

— Kila siku! Ndugu yetu huyu.

— Amenihadithia. Alipokuwa anagonga jiko, anagonga milango, anakosa kikombe, mlidhani ana nini?

Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza basi linaondoka lini.

Spika aligeukia kikombe chake. Fasta aliinama, akafuta tangi la pikipiki ambalo halikuwa na vumbi. Boniface alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta. Mimi nilikuwa na jibu, sote tulikuwa nalo, lilelile: kwamba amekula pesa ya Masoko, kwamba siku hizi anakunywa, kwamba ana maringo, haoni watu. Tulikuwa tumelisema kila asubuhi, tukacheka. Hakukuwa na aliyeweza kulisema sasa, mbele ya binti huyo.

Nurdin aliinua mkono, akatafuta bega la mwanawe, akalipata.

— Waache, mwanangu. Hata mimi mwenyewe nilidhani ni uzee.

— Wewe sikukuuliza, baba — alisema Fauzia.

Akabaki amesimama palepale, macho yake kwetu, anasubiri.